Naomba ushauri: darubini inakosa shabaha

Ndugu zangu, hamjambo? Niko Mombasa, na darubini yangu ya kompyuta inanisumbua. Kwenye rimoti nimeweka latitudo digrii 4 Kusini, saa za eneo +3, na tarehe naanza na mwezi, maana hapo ndipo nilipokosea mwanzoni. Nikiipanga kwa kuielekeza kwenye nyota mbili, Sirius na Canopus, inakubali vizuri. Nikiiamuru iende kwenye sayari ya Mshtarii, mota zinanguruma, inasimama, nachungulia: giza tupu! Nikibonyeza vitufe vya mishale kidogo kidogo, ndiyo hiyo, na miezi yake minne imejipanga mstari mmoja.

Je, nichague nyota zilizoachana zaidi? Polaris, ile nyota ya kaskazini, huku kwetu iko chini ya upeo, haionekani. Au ni miguu ya darubini haijakaa sawa juu ya paa? Watoto wa jirani wananisubiri, nimewaahidi pete za Zohali.