Mpaini, mianzi na tawi kavu lenye maua: nitie rangi au nisitie?

FundiBrashi: Wakuu, salaam. Mimi mchoraji wa mabango, Tabora mjini. Mteja mwenye gesti kule Ng'ambo kaniletea kalenda ya Kichina, anataka picha yake ukutani mapokezi: mpaini, mianzi, na tawi lenye vimaua lisilo na jani hata moja. Yote wino mweusi. Sasa anadai nitie kijani na nyekundu "pachangamke". Roho inakataa. Kwani hii mitatu ina nini?

Mwalimu wa Ujiji: Fundi, hao ni Marafiki Watatu wa Baridi. Mpaini na mianzi hazipukutishi majani hata theluji ikianguka. Wa tatu ni mplamu, huchanua baridi ikielekea kuisha, majani bado. Basi Wachina wakaona humo mtu asiyeyumba siku ngumu. Zhao Mengjian aliichora pamoja karne ya 13, enzi ya Song, ukoo wa wafalme wa China. Kazi iko makumbusho ya Taipei. Wengi waliochora hivi walikuwa wasomi, na brashi ya kuchorea ndiyo ya kuandikia, kwa hiyo jani la mwanzi kwao ni mkwaju mmoja wa mwandiko. Rangi ya nini? Wino mzito jani la mbele, wino wa majimaji jani la nyuma, macho yanamaliza kazi. Tena wino wenyewe mara nyingi ulikuwa masizi ya mpaini na gundi: mti unachorwa kwa moshi wake!

Mchoraji Zheng Sixiao ndiye ananimaliza. Wamongolia walipoiangusha Song mwaka 1279, yeye akawa anachora maua ya okidi bila udongo. Nchi imechukuliwa, mizizi ishike wapi?

Binti Isevya: Miyombo yetu nayo hutoa majani mekundu kabla ya mvua. Mchoree hiyo bwana, baridi ya theluji nani anaijua hapa?

FundiBrashi: Dada, anayelipa kaleta kalenda. Miyombo nitachora kwangu.

Mwalimu wa Ujiji: Nyekundu ipo lakini. Tazama pembeni ya kalenda, utaona muhuri wa mchoraji. Mpe huo. Halafu rangi ya maji nyeusi, izimue kwenye makopo tofauti, na ukishapitisha brashi usirudie.

FundiBrashi: Kweli upo, nilidhani chapa ya kiwanda! Nitauweka na jina la gesti ndani. Kijani nitamwambia kimeisha dukani.