Tupeane uzoefu: programu iko ofisini, wewe uko nyumbani

Wandugu, hamjambo. Niko Bukavu, naweka hesabu za duka la vipuri kule Nyawera. Programu ya stoki imo ndani ya kompyuta moja tu ya ofisi, na leseni yake ni ya mashine hiyohiyo. Tangu mwaka jana naifungua kutoka nyumbani, Panzi, kwa modemu ya simu.

Juzi usiku nilikuwa naingiza faktire ya mizigo. Nimefika mstari wa 14, "filta ya mafuta, vipande 6", umeme ukakatika. Batri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, ikazima palepale. Nikakaa gizani, nikijua kazi ya saa nzima imekwenda. Umeme uliporudi nikaingia tena: mstari wa 14 upo, kishale kinawaka na kuzima pembeni ya ile 6. Kumbe wakati wote programu ilikuwa inatembea kule ofisini, kwenye betri za inverta. Kwangu inafika picha yake tu. Kutoka kwangu zinakwenda herufi na mibofyo ya kipanya. Nilikuwa nalijua hilo kwa maneno, usiku ule ndipo lilinikaa moyoni.

Natumia Remote Desktop ya Windows, ile ya kufungua kompyuta nyingine kwa mbali. Anayeanza ajue kwamba mashine inayopokea inataka Windows Pro, ile ya Home haipokei. Nimezima picha ya nyuma ya skrini na mapambo ya madirisha, mega zinaliwa kidogo. Ninyi mnafanyaje?

*Mhasibu, Lubumbashi*
Asante ndugu yangu. Mimi kilichonitesa ni kibodi. Nywila ilikataliwa mara tano, akaunti ikafungwa, bosi akapiga simu. Nikaja kuandika neno "maua" pale pa jina la mtumiaji, ili nione herufi: ikatoka ";quq". Kibodi yangu ni AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa) kama za wengi huku kwetu, seva, yaani ile kompyuta ya mbali ninayoingia, ilikuwa imepangwa QWERTY (wa Kiingereza). Tangu hapo najaribu neno moja la wazi kwanza, ndipo naweka nywila.

Tena angalieni saa. Seva yetu iko Kinshasa, nasi Lubumbashi tuko mbele kwa saa moja. Faktire niliyoingiza saa sita na dakika 20 usiku, tarehe 1 Januari, ilibeba tarehe 31 Desemba. Mwaka mwingine kabisa wa hesabu!

*Mchora ramani, Goma*
Mimi natumia QGIS, programu ya kuchora ramani, kwenye seva ya Linux iliyoko Ubelgiji. Mwanzoni nilipitia ssh -X, amri ya kuingia seva ya mbali na kuletewa madirisha yake kwa mfumo uitwao X. Jamani, ukifungua menyu moja unaweza kuchemsha chai. Nikanunua mega za bei kubwa, hakuna kilichobadilika. Mfumo huo wa X ulianza MIT mwaka 1984, na programu huongea sana na skrini: inauliza, inasubiri jibu, inauliza tena. Sisi tulikuwa kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, swali na jibu vinapita nusu sekunde. Zidisha kwa maswali 200 uone. Nilikuwa nalipia upana wa njia, na shida ilikuwa urefu wake.

Sasa natumia xpra, programu nyingine ya kuleta madirisha kutoka mbali: kuchora kunaishia kulekule, mimi naletewa picha iliyobanwa. Koneksio ikikatika, dirisha linanisubiri. Na kabla ya kununua mega zozote napima ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi.

*Fundi wa mitandao, Bukavu*
Nisikilizeni kwa hili. Mteja aliomba njia rahisi, nikamfungulia poti 3389, mlango wa Remote Desktop, kwenye ruta, wazi kwa dunia nzima. Kosa lilikuwa langu. Asubuhi moja mafaili yote yamebadilika majina, na kwenye skrini kuna barua ya kudai pesa. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Tulirudia kuandika kutoka kwenye karatasi siku tisa, mimi nikisoma namba kwa sauti, wao wakiingiza. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga poti hiyo na kukisia nywila. Siku hizi naweka kwanza WireGuard, njia ya siri inayofunguka kwa wenye funguo tu, Remote Desktop inapita ndani yake.

Wenye modemu ya simu ofisini, huko mara nyingi hamtaweza kugonga kutoka nje, maana kampuni ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo AnyDesk au RustDesk zinasaidia, pande zote mbili zinakutana kwenye seva ya katikati.

*Sekretari, Goma*
Mimi nilichapa barua kurasa 40 nikiwa nyumbani. Mlinzi akanipigia: "Mama, karatasi zinatoka na ofisini hakuna mtu." Ilikuwa barua ya siri ya wafanyakazi. Someni jina la printa kabla ya kubonyeza.

*Mwenye mada, Bukavu*
Fundi, umenishtua. Ruta yetu iko wazi hivyohivyo, niliambiwa ndiyo kawaida. Naifunga usiku huu, hata kama nitakuwa nimejifungia nje. Kesho nitawahi Nyawera kabla duka halijafunguliwa, nichukue kwanza nakala ya stoki kwenye diski ya nje. Tafadhali niandikie hatua za WireGuard, ruta ni ndogo ya kawaida.