Pesa zinatosha kitu kimoja: transmita au studio ya kamera? Redio ya jamii, Kusini

Sauti ya Jioni ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya jamii huku upande wa Kilwa, mwaka wa 13 sasa. Kipindi changu ni cha jioni, saa 11 mpaka saa 1 usiku: matangazo ya vifo, hali ya bahari kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, bei za mnada wa ufuta au korosho kulingana na msimu, halafu salamu.

Transmita yetu, yaani mtambo wa kurushia matangazo, ni ya wati 500. Tangu masika yaliyopita inajishusha nguvu yenyewe, siku nyingine haivuki 400, na watu wa visiwani wanalalamika kuwa hatusikiki. Tumepata fedha kidogo. Zinatosha ama kununua transmita nyingine, ama kujenga studio ya kamera na kutengenezewa programu ya simu ili tuhamie mtandaoni. Vijana wetu wa studio wanataka kamera. Wanasema msikilizaji yuko YouTube na TikTok, kumfuata na mnara ni kupoteza hela. Bodi inakaa baada ya wiki tatu na pendekezo nimepewa mimi niliandike.

Siwapingi vijana kwa ubishi tu. Nilipoanza kazi, salamu zilikuja kwa kadi. Nilikuwa nazipanga mezani kata kwa kata, za Somanga huku, za Kivinje kule, nisije nikamruka mtu. Leo kadi hakuna. Nikiwasha simu ya studio nakuta sauti za WhatsApp zimejaa, mtu anamsalimia mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, na nyuma unasikia bahari au mashine ya kusaga. Kipindi kimekuwa kizuri kuliko zamani. Kwa hiyo naujua uzuri wa mtandao.

Kinachonizuia ni Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, mvua ikaikata barabara ya Dar–Lindi huku kwetu. Umeme ulipokatika tulirusha kwa jenereta, tukisoma tahadhari kila saa. Hatujapumua vizuri, Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikasumbua nchi nzima. Siku ile simu ya studio ilikuwa kimya, lakini FM ilikuwa hewani. Tungekuwa mtandaoni peke yake, ningekuwa naongea na ukuta.

Halafu wiki iliyopita nilipita kwenye chanja za dagaa. Kuna mama alikuwa anageuza dagaa, kitochi amekifunga kwenye ncha ya kanga, na waya unaning'inia. Nilipoangalia vizuri, ni waya wa hedifoni zilizokatika masikio yote mawili. Nikamuuliza anaubeba wa nini. Akasema bila huo waya redio ya kwenye simu haikamati. Alikuwa anasikiliza marudio ya kipindi changu, na alinitambua kwa sauti kabla hajaniangalia usoni.

Sasa huyo mama namwekaje kwenye pendekezo ambalo ukurasa wa kwanza unasema "kuhamia dijitali"? Walio kwenye fani naomba mawazo yenu. Natanguliza shukrani.

Fundi Masafa amejibu:

Mkuu, kabla hamjanunua chochote: transmita inayojishusha yenyewe mara nyingi si mbovu, inajilinda. Kuna nguvu inakwenda kwenye antena na kuna nguvu inayorudi. Inayorudi ikizidi, mashine inapunguza yenyewe isije ikaungua. Nenda kaisome kwenye kioo cha mbele, sehemu zote mbili, uje na namba.

Hili la kuhama. Watu wengi wanachanganya na king'amuzi. Televisheni za analojia zilianza kuzimwa Dar mwisho wa 2012, wengi wakaamini redio inafuata. FM yetu haijazimwa. Norway ndiyo nchi ya kwanza kuzima FM ya redio za taifa, mwaka 2017, na hata wao waliwahamishia wasikilizaji kwenye DAB, redio ya dijitali isiyohitaji intaneti, yaani bado ni mawimbi ya angani na antena.

Kuhusu gharama, fanya hesabu na vijana wako wakiwa wamekaa. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa. Kipindi chako cha saa mbili, siku 30, ni zaidi ya GB 1.7. Nani atamnunulia yule mama bando hilo? Na upande wenu, kila msikilizaji anayeongezeka mtandaoni anaongeza mzigo kwenye seva. Kwenye FM, wati 500 ni zilezile akisikiliza mmoja au wilaya nzima.

Sisemi msirushe mtandaoni. Rusheni, lakini kwa bei ya kompyuta ya zamani: programu ya Icecast, ya kurushia sauti mtandaoni, ni ya bure; tumieni mfumo wa kubana sauti wa AAC, kilobiti 32, maneno yanasikika safi na mzigo unapungua nusu. Waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, habari ya leseni kwanza, maana tangu kanuni za 2018 maudhui ya mtandaoni yana leseni zake. Swali langu kubwa kwako ni hili: mnarekodi vipindi? Redio nyingi ndogo nilizozihudumia hazina hata dakika moja ya jana.

Kijana wa Boda amejibu:

Shikamoo wakubwa. Mimi nina miaka 23, sijawahi kumiliki redio, na sikubaliani na Fundi kwamba tatizo ni bando. Tatizo ni saa. Saa 11 jioni mimi niko barabarani na abiria. Saa 1 usiku pia niko barabarani. Hicho kipindi hata mkikirusha kwa wati elfu tano hakinipati.

Lakini pia vijana wa studio wanadhani tunaangalia YouTube siku nzima. Bodaboda nyingi zina spika yenye sehemu ya memori kadi na flashi. Tunasikiliza nyimbo tulizojaziwa kwenye vibanda. Mpinzani wenu kwa huku kwetu ni jamaa wa kibandani mwenye kompyuta moja! Anajaza nyimbo mia, anachukua hela yake, mteja anasikiliza mwezi mzima bila bando.

Nendeni kwake. Mpeni kipande cha dakika tatu cha bei za mnada, kipande cha hali ya bahari cha wiki, mahojiano na afisa ugani. Aviweke katikati ya nyimbo. Mimi nikisikia "wanunuzi wa ufuta wamefika bei kadhaa" nikiwa na abiria mkulima nyuma, huyo abiria ananiambia punguza mwendo nisikie. Hilo limenitokea kweli, na ilikuwa rekodi ambayo mtu aliichukua redioni kwa simu.

Wa Kwale amejibu:

Hamjambo. Nimekuwa mtayarishaji wa vipindi vya wakulima Pwani ya Kenya kwa miaka tisa. Naongeza mawili tu.

La kwanza, kubipu. Farm Radio International, shirika linalosaidia redio za wakulima, wana mfumo ambao msikilizaji anabipu namba, simu inakatika bila kumgharimu kitu, na kura yake inahesabika. Kitochi kinatosha. Mkulima asiye na salio anasema "ndiyo" au "hapana" kipindi kikiwa hewani. Mimi hiyo ndiyo dijitali ninayoiheshimu, kwa sababu inaanza na simu ambayo mtu anayo tayari.

La pili linaniuma bado. Tuliweka kila kitu kwenye ukurasa wetu katika mtandao mmoja wa kijamii: picha, rekodi, majina ya vikundi vya wasikilizaji. Asubuhi moja ukurasa ukawa haufunguki, na hatukuupata tena. Miaka sita. Kulikuwa na sauti za wazee watatu ambao sasa ni marehemu, wakieleza majina ya mbegu za zamani. Ndugu yangu, tumia mitandao yote, lakini rekodi halisi ikae kwenye diski yenu, na nakala ya pili ikae nje ya jengo. Namba za wasikilizaji ziandikeni kwenye daftari la karatasi.

Bint Pwani, Muscat amejibu:

Assalaam alaykum. Kaka, mimi nadhani nakujua kwa sauti, kama ni wewe usomaye vifo kabla ya magharibi.

Niko Muscat mwaka wa nane. Huku tuko mbele yenu saa moja, na kipindi chako kinaanza nikiwa bado kazini, kwa hiyo hata mkirusha mtandaoni moja kwa moja sitawahi. Mimi nakusikia kwa njia nyingine. Dada yangu anaiweka simu yake pembeni ya redio, anarekodi, ananitumia WhatsApp. Mwaka jana alinitumia moja, nikaifungua jikoni usiku. Kuku wanasikika, kifuniko cha sufuria kinaanguka, halafu sauti yako: habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo, na mtoto wa kaka yake aliyeko Muscat. Baba yangu mdogo. Alikuwa ameshazikwa, lakini nilitajwa. Ulinitaja na nchi niliyopo. Siwezi kueleza vizuri jambo lile lilinifanya nini, ila nilikaa chini nikaisikiliza mara nne.

Sitaki kamera. Sura yako siihitaji, wallahi. Nataka tangazo lile lirekodiwe vizuri, bila sufuria, liwekwe mahali ambapo familia inaweza kulichukua na kulituma. Tuko wengi huku, na kuchangia tutachangia. Ila muiulize familia kwanza, si kila msiba unapenda kusambazwa.

Sauti ya Jioni amejibu:

Dada yangu wa Muscat, ndiye mimi. Pole sana. Familia zinapoleta tangazo nahakikisha naandika kila mji na nchi waliyotaja, na sikuwa na uhakika kama kuna mtu linamfikia. Ujumbe wako nimewasomea wenzangu studio. Yule kijana aliyekuwa mkali zaidi juu ya kamera ndiye alikuwa wa kwanza kusema kazi ya kurekodi vifo aifanye yeye. Tumeanza Jumatatu: familia inapoleta karatasi, tunawauliza, wakikubali tunawapa rekodi kwenye simu yao palepale mapokezi.

Kijana wa Boda, marahaba. Nimekwenda kibandani na flashi. Jamaa alisikiliza vipande vyote mpaka mwisho, akaniambia bei ya ufuta iwe ya kwanza na kila kipande kitaje tarehe, maana watu wa vijijini wanakuja kujaza kadi Jumamosi na bei ya wiki iliyopita inaweza kumtia mtu hasara. Tarehe! Redioni sijawahi kuiwaza, kwa sababu nikisema "leo" ni leo. Kwenye kadi, "leo" inaweza kuwa mwezi uliopita. Sasa tunarekodi upya.

Wa Kwale, diski mbili zimeingia kwenye bajeti, moja itakaa nyumbani kwa mwenyekiti. Daftari lipo.

Fundi, namba ulizotaka: inayokwenda ni wati 410, inayorudi 60. Nianzie wapi?

Fundi Masafa amejibu:

60 kwa 410 ni nyingi mno. Usiendelee kurusha hivyo usiku kucha. Ishushe mpaka 150 leo, kesho asubuhi izimeni kabisa ndipo mtu apande mnarani, asipande mitambo ikiwa inafanya kazi. Avae mkanda. Afungue konekta ya juu, pale kebo inapoingia kwenye antena. Aangalie kama kuna maji au shaba imegeuka kijani. Umesema tatizo limeanza masika, na nyinyi mko karibu na chumvi. Akimaliza kusafisha na kukausha, aifunge upya na utepe wa mpira unaojibana wenyewe, siyo selotepu.

Sauti ya Jioni amejibu:

Amepanda leo saa 2 asubuhi. Alipolegeza konekta maji yalimchuruzika mkononi, na ndani shaba ilikuwa kijani kama jani la mkorosho. Ile ya awali ilifungwa kwa selotepu. Tumekata kipande cha kebo kilichooza, tumeweka konekta mpya, tumefunga kama ulivyosema.

Saa 11 jioni hii: inayokwenda 495, inayorudi 4. Pendekezo la transmita mpya nimelifuta, nitaandika jingine kuanzia mwanzo. Katikati ya salamu imeingia sauti kutoka Songosongo, mwanamke, anauliza tulikuwa wapi miezi yote hii.