Naombeni ushauri: saksafoni ya Coltrane inakwaruza, ninunue spika gani?

Mtulivu: Wakuu, habari za jioni. Nina santuri ya mkusanyiko wa John Coltrane, ndiyo burudani yangu nikitoka kazini. Siku hizi saksafoni inakwaruza, hasa akipanda juu. Roho inaniuma. Chumba ni futi 12 kwa 12, kinataka spika gani?

Babu Redio: Za inchi 5 au 6 zinatosha. Zisogeze mbali na ukuta, sentimita 30 hivi, twita (vispika vidogo vya sauti za juu) zilingane na masikio ukiwa umekaa. Ukizibana kwenye kona, besi inavimba na kufunika saksafoni.

Sindano Kali: Subiri kwanza. Inakwaruza upande mzima au nyimbo za mwisho tu?

Mtulivu: Za mwisho. Za mwanzo safi kabisa.

Sindano Kali: Basi spika hazina kosa, zingekwaruza kote. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika muda wote, lakini mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa karibu sentimita 50 kwa sekunde, ule wa jirani na lebo (karatasi ya katikati) kama 21 tu. Mawimbi yaleyale yanabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Mikusanyiko ndiyo huumia zaidi, maana hujazwa nyimbo mpaka mifereji inaikaribia lebo. Una sindano gani, na umeiwekea uzito wa gramu ngapi?

Mwana Mrima: Mkusanyiko wako una wimbo wa "Tanganyika Strut"? Ni wa 1958, kabla hata hatujapata uhuru! Wilbur Harden yuko kwenye flugelhorn, aina ya tarumbeta, Curtis Fuller kwenye tromboni. Vijana wafundishwe vitu hivi.

Mtulivu: Sindano ni AT-VM95E. Gramu sijapima. Ilikuwa inaruka, nikaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono unaoshika sindano. Lakini kuruka kuliisha, kwa hiyo sarafu inasaidia. Halafu spika nimeshazilipia nusu.

Pekuapekua: Ameshalipia nusu, halafu anaomba ushauri wa spika? Stori ya kutunga hii. Kesho atatokea mtu na bei na namba ya simu. Wasimamizi, uangalieni huu uzi.

Sindano Kali: Mkuu, muuza spika angesema inakwaruza kote. Kukwaruza karibu na lebo tu kunaiondoa spika kwenye kesi, kunamharibia biashara.

Mtulivu, toa sarafu leo. Sindano hiyo inataka gramu 1.8 hadi 2.2. Ukizidisha, kijiti kinachobeba ncha kinalala na mifereji inalika, nayo haiponi. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawasawa, rudisha pete ya namba kwenye 0 bila kugusa uzito wenyewe, kisha zungusha vyote hadi 2. Hakikisha kwa mizani midogo ya sonara. Kidhibiti cha kuzuia mkono usivutwe katikati nacho kiweke 2. Ukiona bado, chomoa sindano uweke ya AT-VM95ML. Inaingia kwenye mwili uleule, na ncha yake nyembamba inafuata mifereji ya ndani vizuri zaidi.

Mtulivu: Nimetoa. Inaruka tena. Si bora sarafu?

Babu Redio: Mashine na spika ziko meza moja?

Mtulivu: Ndiyo.

Babu Redio: Zitenganishe, mtetemo unairudia sindano. Weka pimamaji juu ya sahani inayozungusha santuri, nyoosha miguu ya meza. Halafu piga santuri nyingine ambayo haijawahi kupigwa na sarafu. Ikiwa safi hadi mwisho, mashine ni nzima, mkusanyiko ndio umeshalika.

Mtulivu: Na zile spika?

Sindano Kali: Omba hela yako kabla hawajazileta.