Nitamjuaje aliyerudisha saa ya seva nyuma, na wote tuna sudo?

zamu_ya_usiku: Wakuu, heshima kwenu. Natunza seva ya Debian (aina ya Linux) kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Tuko wanne wenye sudo (ruhusa ya kutumia amri za root, msimamizi mkuu wa mfumo). Juzi mhasibu kanionyesha risiti za saa tisa alasiri zimetoka na saa tano asubuhi, yaani kabla zamu hazijapokezana. Jioni saa ilikuwa sawa kabisa. Kila mmoja anaruka. Logi inaonyesha `sudo -i` za watu (amri ya kugeuka root), baada ya hapo wote ni root na history (orodha ya amri walizoandika) imefutwa. Ikirudiwa nitamjuaje? Na la pembeni: ndani ya kontena ya Docker (sehemu iliyotengwa ndani ya seva) nikiwa root, `date -s` ya kuweka saa inagoma, "Operation not permitted". Root gani huyu wa kunyimwa?

chaja_mbovu: Wanyang'anye sudo wote ubaki peke yako. Kesi imeisha 😂

mzee_wa_kerneli: Mkuu, nianze na la pembeni, ndilo jepesi. Kinachoruhusu kubadili saa si jina `root`, ni uwezo unaoitwa CAP_SYS_TIME. Kerneli (kiini cha Linux) inauangalia kila programu inapoita `clock_settime` au `settimeofday`, au inapotaka kurekebisha kwa `adjtimex`. Docker humvua root wa kontena uwezo huo, na ni haki yake: saa ya kalenda ni moja kwa mashine nzima, ukiigeuza ndani umeigeuza na nje. Hata utenganisho wa saa uliokuja na Linux 5.6 mwaka 2020 haugusi saa hiyo.

Sasa mtu wako. Ukiingia kwa SSH (kutoka mbali), PAM (sehemu inayosimamia uingiaji) inaandika namba yako kwenye `/proc/self/loginuid`, na kila mchakato unaozaliwa hapo unairithi. Sudo haiibadilishi. Geuka root utakavyo, auid (jina la namba hiyo kwenye logi) ni ile ile uliyoingia nayo. Weka auditd (mtunza logi za ukaguzi), kisha kwenye `/etc/audit/rules.d/saa.rules`:

`--loginuid-immutable`
`-a always,exit -F arch=b64 -S clock_settime,settimeofday,adjtimex,clock_adjtime -k saa`
`-w /usr/bin/timedatectl -p x -k saa`
`-e 2`

Ongeza na mstari wa arch=b32, maana programu za biti 32 zina mlango wao.

Huo mstari wa timedatectl (amri nyingine ya kuweka saa) wengi huuruka. Amri ile haigusi saa yenyewe, inamtuma systemd-timedated kupitia D-Bus (njia ya programu kutumiana ujumbe), na huyo ni mtumishi wa mfumo asiye na loginuid. Logi itakuandikia auid=4294967295, maana yake hakuna aliyeingia, ubaki unaulaumu upepo. Kusoma ni `ausearch -k saa -i`. Jaribio lililokataliwa nalo linaandikwa, success=no.

dada_debian: Ya juzi nayo usiiache. Kama journal yako (logi ya mfumo) inahifadhiwa kwenye diski, soma kwa `journalctl -o short-monotonic`. Saa ya monotonic (inayokwenda mbele tu) hata root hawezi kuiweka, ukijaribu kerneli inajibu EINVAL (ombi batili). Tafuta "Time jumped backwards", uangalie ni `sudo -i` ya nani ilikuwa wazi hapo.

zamu_ya_usiku: Asanteni sana. Nimeweka zote, ila logi inafurika, chronyd (anayesawazisha saa kwa mtandao) anajaa kila ukurasa. Kuna mwongozo unasema niongeze `-F auid!=unset` (iandike tu zenye auid).

mzee_wa_kerneli: Usiiongeze! Itamfuta chronyd, itamfuta na timedated, na mjanja akitumia `busctl` (amri ya kutuma ujumbe wa D-Bus moja kwa moja) badala ya timedatectl hutaona chochote. Mtoe chronyd peke yake: `-F exe!=/usr/sbin/chronyd`. Ila kwa kuwa `-e 2` imeshafunga sheria, huwezi kuzibadili mpaka uwashe seva upya. Fanya usiku duka likiwa limefungwa, na safari hii `-e 2` iwe ya mwisho kuandikwa, ukisharidhika na zilizobaki.