Webley Mark VI ya 1917: nikague nini kabla ya kuinunua?

Mkusanyaji_Mpya

Wakuu, habari zenu. Nimepata mtu anayeuza rivolva ya Webley Mark VI, na mwaka uliogongwa kwenye fremu ni 1917. Kibali ninacho, na makaratasi ya muuzaji yamenyooka. Anasema haijaguswa tangu itoke kiwandani na kwamba ilikuwa ya ofisa mmoja wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwenye picha inang'aa kweli kweli. Sitaki kuipigia shabaha, nataka iingie kwenye mkusanyiko wangu. Nikienda kuiona nikague nini?

Komeo

Mkuu, hata muuzaji akikuapia, wewe mwenyewe ifungue kwanza na uhakikishe vyumba vyote sita vya silinda, kile kipande kinachozunguka na kubeba risasi, ni vitupu. Pia omba ruhusa kabla ya kuvuta triga, na uende na risasi bandia za mazoezi. Wenye silaha za kale hawapendi nyundo ipige patupu, na wana haki.

Fundi_wa_Zamani

Huko kung'aa ndiko kunakonitia shaka. Silaha iliyopita vitani na kukaa zaidi ya miaka 100 haing'ai hivyo bila mtu kuipiga msasa na kuitia rangi upya. Isogeze dirishani, uilaze mpaka mwanga upite kiubavuubavu juu ya chuma. Kama haijaguswa, kingo za mtutu zitakuwa kali na herufi zilizogongwa zitaonekana wazi. Iliyosuguliwa ina kingo za mviringo, herufi zimefifia, na matundu ya skrubu yamebonyea pembeni kama visahani. Tazama pia vishimo vya kutu: ukikuta rangi imeingia hadi ndani ya kishimo, basi kutu ilitangulia, rangi ikafuata. Bastola ya namna hiyo si ya kutupwa, lakini bei yake haiwezi kuwa ya bastola ambayo haijaguswa.

Sasa silinda, na hapo usiwe na haraka. Mark VI ilitengenezwa kwa risasi ya .455. Nyingi zilizouzwa Marekani baada ya vita zilikatwa nyuma ya silinda ili zitumie .45 ACP, risasi ya bastola ya Kimarekani, kwa klipu za nusu mwezi, yaani vibati vinavyoshika risasi tatu tatu, kwa sababu risasi za .455 zilikuwa adimu. Ifunge, uitazame kwa ubavu: ukiona mwanya mpana kati ya mgongo wa silinda na fremu, imekatwa. Chuma kikishaondolewa hakirudi, na kwa mkusanyaji hiyo ni hasara kubwa. Isitoshe, .45 ACP ya kawaida ina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo bastola hii iliundwa kulibeba. Hata kama hutaifyatua wewe, atakayeirithi anapaswa kujua. Linganisha pia namba ya silinda na ya fremu.

Kwa kuwa Mark VI hufunguka kwa kukunja mtutu chini, shika mpini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, uutikise taratibu. Bawaba au komeo likicheza, imechoka. Kisha vuta nyundo polepole kwa kidole gumba, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa silinda kidogo tu. Silinda iwe imeshajifunga nyundo inapofika mwisho. Rudia kwa vyumba vyote, maana mara nyingi ni kimoja tu kinachochelewa. Ndani ya mtutu, mifereji ya kuizungusha risasi ikiwa imefifia kidogo naivumilia. Uvimbe wa duara siuvumilii hata kidogo, kwa sababu ni dalili ya risasi iliyokwama na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake.

Ama hadithi ya ofisa, maofisa wa Uingereza walikuwa wakijinunulia bastola zao. Ukikuta mshale mpana, hiyo ni alama ya mali ya serikali, kwa hiyo muulize ofisa huyo aliipataje. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha inaonyesha jeshi liliiuza. Bila hati au jina lililochongwa, usiongeze hata senti moja kwa ajili ya ofisa.

Mkusanyaji_Mpya

Shukrani sana, Fundi. Nimetoka kuiona. Kingo ni kali na vulkanaiti (mpira mgumu) ya mpini ni nzima, ila mwanya wa nyuma ya silinda ni mpana na klipu mbili za nusu mwezi zimo kwenye boksi. Muuzaji anasema atanitafutia silinda nzima ya .455. Nikubali?

Fundi_wa_Zamani

Hapana, ndugu yangu. Hiyo silinda itakuja na namba ya bastola nyingine, na itabidi fundi aipime na kuirekebisha ndipo ijifunge sawasawa kwenye fremu yako. Kama kingo ni kali hivyo, ichukue na silinda yake iliyokatwa kwa bei ya iliyokatwa, na klipu zake ziende nayo. Akishikilia bei ya nzima, mshukuru uondoke. Mark VI zilitengenezwa kwa wingi, na ambazo hazijakatwa bado zinapatikana.

Komeo

Naunga mkono. Na ukiichukua, usiisugue. Pamba, mafuta mepesi, basi.