"Yau che ho" ni kupanda boti au gari? Wajuzi wa Kikantoni njooni

Mzee wa Kontena:
Wakuu habari za mchana. Mwezi uliopita nilikuwa Guangzhou kufuata mzigo, sasa yule dada anayenifungiaga mzigo pale stoo akanambia tukimaliza mumewe atatupitia twende "yau che ho". Kichina changu ni cha kuulizia bei tu, nikaingiza kwenye simu ikanambia kutalii mto wa gari, nikajua basi ni zile boti za usiku zenye mataa, nikavaa koti, simu nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Kushuka chini nakuta gari dogo, mama mkwe kakaa siti ya mbele anamenya machungwa 😂 Tumezunguka kando ya mto mpaka kwenye Mnara wa Canton, tukarudi, hata kushuka hatujashuka. Sasa boti iko wapi hapo?

binti_wa_kowloon:
Mfuko wa nailoni jamani 🤣🤣 Mkuu hukudanganywa. Yau ni kutembea kwa starehe, che gari, ho mto, ila zikiungana mto haupo tena, ni kutoka na gari kupunga upepo basi. Ya boti ni yau syun ho. Na hiyo ho ipandishe sauti, ukiishusha ndo unasema mto wenyewe.

Huku Hong Kong wengi hatuna magari so tunapanda ding ding, tramu ya ghorofa, ipo tangu 1904. Napandia Kennedy Town nakaa juu dirisha la mbele mpaka Shau Kei Wan, kama kilomita 13 hivi, nauli unalipa ukishuka na ni ileile hata ungepanda kituo kimoja. Madirisha wazi, nguo za watu zinaning'inia mabalconi huko juu unaziona hizo hapo. Nikiwa na mawazo Jumapili ndo dawa yangu.

Mtoto wa Tandika:
Kimandarini wanasema doufeng, na feng ni upepo, yani kama sisi kabisa. Wakantoni ndo wameleta mambo ya mito.

shemeji46:
Mimi teksi ilinizungusha saa nzima na nusu toka eapoti, nayo yau che ho?

binti_wa_kowloon:
@shemeji46 hiyo ni dau lou, umezungushwa mita isome 😅 Raha alipata dereva.

Mzee wa Kontena:
Shukrani dada. Safari ijayo machungwa nabeba mimi.